Jaketi Jepesi kwa Asubuhi za Baridi



Mtu wa kutoka Njombe au Makete akisikia kwamba sisi wa Igalula tunalalamikia baridi, hucheka. Ni kweli hatuoni sakitu huku. Lakini Tabora iko juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,200 hivi, na mwezi wa Juni na Julai, mbingu ikiwa safi haina wingu, joto la mchana hupotea lote usiku. Alfajiri huwa nyuzi 15 au chini ya hapo. Ikifika saa saba mchana, jua limekwisha kupanda hadi nyuzi 28 na vumbi la stesheni linachoma miguu. Siku moja, hali mbili tofauti kabisa.

Ndiyo maana akina mama wengi hukosea wanapokwenda mnadani kununua nguo za baridi. Sisi tumezoea kupima joto la nguo kwa uzito wake. Tunaliinua koti, tukiliona linalemea mkono tunasema, "Hili ndilo." Mtoto hulivaa saa kumi na mbili asubuhi kwenda shule, saa nne amekwisha kulivua, jioni anarudi bila koti. Kwa hiyo mama amepoteza fedha, na kesho yake mtoto anatetemeka tena njiani.

Joto la mwili hutunzwa na hewa iliyotulia kati ya ngozi na upepo, si na uzito wa kitambaa. Mtazame kuku asubuhi ya baridi: hufutua manyoya yake mpaka anaonekana mnene, na hali hajaongezeka hata gramu moja. Amejaza hewa tu. Blanketi mbili nyembamba huweza kumpa mtu joto kuliko moja nzito kwa sababu hiyo hiyo.

Basi yafaa kuvaa nguo moja juu ya nyingine: fulana ya pamba karibu na mwili, juu yake sweta, na juu ya vyote jaketi jepesi la kuzuia upepo. Jua likipanda, mtoto anavua jaketi na kulikunja ndani ya mfuko wa madaftari, likizidi anavua sweta. Jaketi ninalolisema ni lile la kitambaa laini, lililoshonwa mistari mistari kama godoro na kujazwa ndani. Katika mabelo ya mitumba yamo mengi, kwa sababu huko Ulaya na Marekani watu huyavaa kwa theluji na kuyatoa wakiwa wamechoka nayo. (Nguo kutoka Marekani si jambo geni kwetu. Katika karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi walipita Tura, ambayo leo ni kata ya wilaya yetu ya Uyui, wakiwa wamebeba majora ya merikani yaliyofumwa huko Massachusetts. Tofauti ni kwamba wao walibeba jora jipya begani, nasi tunainama kuchambua belo.)

Ukilipata jaketi la namna hiyo, usiangalie rangi kwanza. Libonye kwa kiganja, kisha uachie. Likirudi kufura, kilichojazwa bado ni kizima. Likibaki bapa kama chapati, limechoka, wala hakuna sabuni itakayolifufua. Linyanyue juu uelekee jua: penye mwanga unaopenya wazi hapana kitu tena, kimeshuka chote chini ya mfuko. Vuta zipu juu na chini mara tatu. Zipu mbovu hubadilishwa na fundi cherehani, lakini mwulize bei kabla hujalipia jaketi, maana pengine zipu itakugharimu kama jaketi lenyewe.

Halafu tafuta lebo ya ndani ubavuni. Ikiwa imeandikwa "down", ndani mna manyoya laini ya bata au bata bukini. Hayo ni mepesi kupita yote na yana joto sana, lakini yakilowa hugandamana na joto hutoweka, na kuyakausha ni kazi ya siku kadhaa. Ikiwa imeandikwa "polyester", ndani mna nyuzi za kiwandani. Huwa mazito kidogo, ila hata yakipata unyevu bado husaidia, na ukifua asubuhi kwa jua letu jioni unalivaa. Kwa mtoto wa shule anayepita kwenye majani yenye umande, na kwa mama mwenye kufua kwa mkono, mimi huchagua polyester bila kusita. Yale ya manyoya namwachia mzee anayekaa barazani.

Lijaribu juu ya sweta, wala si juu ya gauni tupu. Inua mikono kana kwamba unajitwika ndoo. Likibana kwapani au likipanda hadi juu ya kiuno, liache, hata kama ni zuri namna gani. Jaketi linalobana huifinya ile hewa na kukuacha na baridi ile ile. Mikono ifunike kiwiko cha mkono hadi kifundo. Kwa mtoto, chukua kubwa kidogo ili alivae na mwakani.

Sasa niwaeleze jambo ambalo lilinifundisha kwa uchungu.

Miaka michache iliyopita nilimchagulia wifi yangu jaketi la namna hii mnadani. Lilikuwa la rangi ya zambarau, jepesi kama si kitu, nami nilijisifu kwamba nimempatia. Nilimweleza yote haya niliyowaeleza ninyi. Moja sikumweleza. Asubuhi ya tatu alikuwa akipika uji kwenye mafiga akiwa amelivaa, akanyoosha mkono kuchukua mwiko upande wa pili wa moto. Ulimi mdogo tu wa moto uligusa mkono wa jaketi. Kitambaa hakikuwaka kama pamba inavyowaka, bali kiliyeyuka, kikashika ngozi ya mkono wake kama lami. Mume wake alikuja mbio, akataka kukivuta kitoke.

Bahati njema nilikuwa uani. Tulimmwagia maji safi ya kawaida, kata baada ya kata, kwa dakika 20 nzima, huku akilia na mimi nikijilaumu moyoni. Bangili tulizitoa mapema kabla mkono haujavimba. Kile kitambaa kilichoganda hatukukigusa. Nilikata kwa mkasi pembeni pembeni na kukiacha palepale mpaka hospitali. Jirani mmoja alileta dawa ya meno, mwingine mafuta ya kula. Niliwashukuru wote wawili na kuvirudisha. Vitu hivyo hufungia joto ndani ya kidonda na huleta uchafu. Wifi alipona baada ya wiki nyingi, na kovu analo hadi leo.

Nailoni na polyester huyeyuka, hali kadhalika sweta nyingi za mitumba ambazo ni za akriliki. Kwa hiyo jaketi hili halivaliwi jikoni penye kuni wala mkaa. Livue kabla hujapiga kiberiti, ulitundike nje ya jiko. Mwili utapata joto la moto wenyewe. Kwa watoto wanaopenda kuota moto alfajiri, onyo hili ni mara mbili: wavue jaketi au wakae mbali. Na jiko la mkaa lisiingizwe ndani mlikolala ili kufukuza baridi, kwani hewa yake huua watu usingizini pasipo harufu ya kuwaamsha.

Wale ambao waume zao ni warina asali wana jambo jingine la kufikiria. Msimu mkubwa wa asali huku kwetu huangukia miezi hii hii ya baridi, na mwanamume hulala kambini porini wiki kadhaa. Jaketi jepesi humfaa sana wakati wa kulala na kutembea alfajiri. Lakini asipande nalo mzingani na kienge cha moto mkononi, kwa sababu mliyokwisha kuisikia. Na rangi ina maana yake. Mbung'o huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi. Hata mitego ya kuwanasa hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Mbung'o ndiye aletaye malale. Nyuki nao hukasirishwa na rangi za giza. Mchagulie mumeo kaki au kijivu hafifu, hata kama yeye mwenyewe anapenda jeusi la kijana. Kwa mtoto apitaye kando ya barabara kabla hakujapambazuka ni kinyume cha kufifia: rangi ya chungwa, ya manjano au nyekundu yenye kung'aa, dereva wa lori amwone mapema.

Na watoto wachanga je? Hao jaketi si lao. Mtoto aliyezaliwa juzi hupata joto bora zaidi kifuani pa mama yake, ngozi kwa ngozi, amevikwa kofia na kufunikwa kwa kanga na blanketi. Ukimbeba mgongoni na kuvaa jaketi lako juu yenu wawili, hakikisha kola haijamziba pua.

Nanyi mnaoleta watoto kliniki asubuhi, naomba msaada. Mtoto akiwa na kikohozi, mfungueni jaketi mbele ya mhudumu hata kama mnaona ni baridi. Sisi tunahesabu pumzi kwa dakika moja nzima tukiangalia kifua. Mtoto wa miezi 2 hadi chini ya miezi 12 akivuta pumzi 50 au zaidi, na wa mwaka 1 hadi chini ya miaka 5 akivuta 40 au zaidi, huenda ni nimonia. Tukiona kifua kinabonyea ndani anapovuta, hatungoji. Jaketi lililofura huficha yote hayo. Na mtoto mwenye homa kali msimzidishie nguo; huku kwetu homa ni ya kupimwa malaria siku hiyo hiyo, si ya kufunikwa.

Kikundi chetu cha akina mama kanisani hununua majaketi kila mwezi wa Mei kwa ajili ya wajane na yatima, tukimkumbuka Dorkasi wa Yafa aliyewashonea wajane nguo. Kabla ya kugawa tunayafunga ndani ya kiroba kwa wiki nzima, kwani vijidudu vya upele havidumu muda huo bila mwili wa mtu. Kisha tunayafua kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya unga kidogo, bila kuyasokota, tunayakamua kwa kuyabonyeza. Tunafunga zipu, tunayageuza ndani nje na kuyaanika. Yakikaribia kukauka tunayapiga makofi ili vilivyojikusanya vitawanyike. Pasi hapana, yatayeyuka.

Mwezi wa Septemba joto likirudi, lifue lako, likauke kabisa, ulitundike au uliweke juu kabisa ya nguo nyingine sandukuni. Likikaa chini ya mzigo hadi Mei ijayo, utalikuta limekuwa chapati.