Kufundisha Namna ya Kukata Mduara wa Moduli

Mwanafunzi wa lugha za fankisheni, kama OCaml na F#, hufika mahali ambapo programu yake imekuwa kubwa, naye hana budi kuigawa katika moduli, kila moja na faili yake. Hapo huweza kukutana na tatizo hili: moduli ya kwanza yaihitaji ya pili, na ya pili yaihitaji ya kwanza. Kompaila hukataa, kwa kuwa kila faili yaweza kutumia zile tu zilizoitangulia. Mwanafunzi akikata tamaa hurudisha kila kitu katika faili moja. Programu hukubaliwa, lakini faida ya kuigawa hupotea.

Tuchukue mfano wa shule. Moduli ya Mwanafunzi hutunza majina na alama, na pia huandika ripoti. Ili iandike ripoti, huomba nafasi ya mwanafunzi kutoka moduli ya Darasa. Darasa nayo, ili ipange nafasi, huomba alama kutoka Mwanafunzi.

Kabla ya kutoa dawa, yafaa mwalimu awaagize wanafunzi wachore kila moduli kwa kisanduku na kila hitaji kwa mshale. Kisha awaulize: ni kitu gani hasa kinachorudisha mshale nyuma? Watagundua kwamba si moduli nzima, bali ni fankisheni ya ripoti peke yake.

Njia ya kwanza ni kuihamishia ripoti katika moduli ya tatu, inayozitegemea zote mbili. Mishale yote sasa yaelekea upande mmoja.

Njia ya pili ni kuiacha ripoti mahali pake, ila ipokee fankisheni ya kutafuta nafasi kama hoja. Katika lugha hizi fankisheni hupitishwa kama namba ipitishwavyo. Kwa hiyo Mwanafunzi haina haja ya kuijua Darasa. Programu kuu ndiyo itakayoziunganisha.

Lakini aina mbili za data zikiwa haziwezi kuelezwa ila kila moja kwa nyingine, basi ni za moduli moja, na kuzitenganisha ni kosa. OCaml na F# huruhusu zitangazwe pamoja.

Mwalimu asiridhike kwa kuwa programu imekubaliwa tu. Amwulize mwanafunzi: je, waweza kuijaribu moduli ya Mwanafunzi bila ya kuwapo Darasa? Akiweza, mduara umekatika kweli.