Jua Lililowekwa Tangini

Je, wajua kwamba kuna mitambo ya umeme wa jua inayofua umeme usiku wa manane bila kutegemea betri?

Siri yake ipo hata Mabatini, jijini Mwanza. Saa tisa alasiri bati la paa halishikiki. Saa mbili usiku limeshapoa. Jabali lililoota jua hilohilo, ukiliegemea saa hizo, bado lina uvuguvugu. Bati ni jembamba, halina pa kuweka joto. Jabali ni zito, na joto hulitoka polepole.

Wahandisi walitaka jabali linaloweza kupita kwenye bomba. Wakalipata katika chumvi. Si ya mchuzini, bali naitreti ya sodiamu asilimia 60 na ya potasiamu asilimia 40, jamii ya mbolea. Jangwani Dubai, katika mradi wa Noor Energy 1 uliozinduliwa Desemba 2023, maelfu ya vioo hulifuata jua na kuelekeza mwanga wake kwenye kilele cha mnara wa mita 262. Chumvi iliyoyeyuka hupanda ikiwa na nyuzijoto 290 hivi, hushuka na 565, kisha hulala katika tangi la moto. Giza likiingia hutolewa ikachemshe maji, mvuke ukazungusha jenereta, nayo chumvi ikarudi kwenye tangi “la baridi”. Baridi ya nyuzi 290! Akiba ya mnara huo hutosha saa 15.

Lakini chumvi hiyo ni korofi. Ikishuka kufikia nyuzi 220 hivi, huganda mabombani. Tangi nalo huweza kuvuja: mwaka 2016 ndivyo ilivyokuwa Crescent Dunes, Nevada, na mtambo ukasimama kwa miezi.

Mnara kama huo Mwanza? Sidhani. Vioo hutaka mwale mnyoofu, na mawingu ya ziwani huutawanya. Paneli za jua, kama za mradi wa Kishapu, Shinyanga, huambulia hata mwanga hafifu. Mimi navutiwa zaidi na mawe. Mwaka 2025 mji wa Pornainen, Finland, ulianza kutumia tangi la tani 2,000 za mawe-sabuni yaliyosagwa, jamii ya yale yanayochongwa Tabaka, Kisii. Hupashwa kwa umeme wakati bei iko chini, na huweka megawati-saa 100 za joto la nyumba. Sisi nyumba zetu hazihitaji kupashwa, ila viwanda vya nguo na maziwa huhitaji mvuke na maji ya moto kila siku, na kwa nyuzi mia na kitu, mawe yaliyosagwa yanatosha kabisa.