Mkono Haukusahau Upinde

Mtoto wa kiume wa Wahadzabe, jamii ya wawindaji, hupata upinde wake akiwa na miaka kama mitatu. Ni mdogo kwa kimo chake, na mishale yake ni butu. Kutwa nzima yeye na wenzake hulenga vibuyu, mizizi na ndege wadogo. Hakuna mtu mzima anayesimama nyuma yao kuwaambia wainue kiwiko. Mshale ukienda pembeni, mtoto anaufuata, anauokota, anavuta tena.

Haya hutokea mpaka leo katika Bonde la Yaeda wilayani Mbulu, Tanzania. Mbali sana na hapo, katika maabara za Ulaya na Marekani, watafiti waliomaliza uzamivu hutumia miaka mingine kadhaa kuchunguza jambo hilohilo: ubongo hujifunzaje ustadi wa viungo? Huko, badala ya upinde, mtu hushikishwa mpini wa roboti inayomsukuma mkono kando, naye hujitahidi kuufikisha panapotakiwa.

Kabla mkono haujasogea, ubongo hukisia utakapofikia. Kilichotokea kikipishana na kilichokisiwa, habari za kosa hilo huenda kwenye serebelamu, sehemu ya ubongo iliyoko kisogoni, nayo hurekebisha amri ya mara ijayo. Ndani zaidi ya ubongo, kemikali iitwayo dopamini husaidia kuimarisha mwendo uliofanikiwa. Kwa hiyo mshale uliomkosa njiwa nao umefanya kazi.

Ujuzi wa namna hii una makao yake, kando na kumbukumbu za maneno na matukio. Tulilijua hilo kupitia kwa Mmarekani Henry Molaison, ambaye mwaka 1953 alifanyiwa upasuaji wa ubongo kutibu kifafa, akabaki hawezi kuhifadhi kumbukumbu mpya. Mtafiti Brenda Milner alimpa kazi ya kuchora nyota huku akitazama mkono wake kwenye kioo tu. Siku hadi siku mkono wake ulizidi kuwa hodari, ingawa kila siku Molaison aliamini hajawahi kuijaribu kazi ile. Ninapomfikiria, naelewa kwa nini mwindaji mahiri akiulizwa siri ya shabaha yake huchukua upinde na kukuonyesha.

Ila utafiti unaonigusa zaidi ulifanyika huku kwetu. Mwaka 2002 Nicholas Blurton Jones na Frank Marlowe walichapisha matokeo ya majaribio waliyoyafanya kwa Wahadzabe. Waliwapima wakilenga shabaha, wakichimba mizizi na kupanda mibuyu. Miongoni mwao walikuwamo waliopelekwa shule za bweni na kukosa miaka ya porini. Ungetarajia hao washindwe. Hawakushindwa: katika kulenga na kuchimba walifanya sawa na wenzao ambao hawakuondoka. Tena wanaume, ambao huchimba mara chache sana kuliko wanawake, walichimba kwa ufanisi uleule.

Mtu anaweza kusoma matokeo hayo akasema mazoezi hayana maana. Sikubali. Naamini miaka ya mwanzo, ile ya upinde mdogo na mishale butu, ilikwisha kuweka msingi kabla ya kengele ya shule kulia. Maabara nazo zimeonyesha kwamba mwendo uliojifunza zamani, hata ukidhani umepotea, hurudi upesi kuliko ulivyoingia. Kisha mwili una sehemu yake: upinde wa mtu mzima ni mgumu mno, na kijana anayekula na kukua huongeza nguvu za kuuvuta popote alipo.

Hili lina uzito kwa wazazi wa bondeni, wanaoambiwa kana kwamba lazima wachague kati ya kalamu na upinde. Majaribio yale yanaonyesha mkono una nafasi ya vyote viwili. Linalonitia hofu mimi ni mapori kupungua, maana mtoto hawezi kujifunza kulenga wanyama wasiokuwapo.

Natamani kijana wa Mbulu, akishapata uzamivu wake, aurudie utafiti ule. Aanze na watoto wa miaka mitatu, ahesabu mishale wanayokosa kwa siku, awafuate hadi bwenini, na likizo awangoje nyumbani aone ni mshale wa ngapi unaorudi kwenye shabaha.