Msalaba Mwekundu Si Alama ya Duka la Dawa

Ukishuka Mbagala Rangi Tatu, jijini Dar es Salaam, ukaingia mitaa ya ndani, au ukitoka Mwananyamala kuelekea Tandale, hutatembea sana kabla ya kukutana nao: msalaba mwekundu kwenye ukuta mweupe, umechorwa kwa brashi juu ya maneno "Duka la Dawa Muhimu", pembeni yake bango la wakala wa pesa. Masanduku ya huduma ya kwanza kwenye daladala nayo yana msalaba huohuo. Wenye maduka hawana nia mbaya, wanataka tu mpita njia ajue kuna dawa. Lakini alama hii ina kazi nyingine, na kazi hiyo ni nzito.

Msalaba mwekundu juu ya rangi nyeupe ulikubaliwa katika Mkataba wa Geneva wa 1864. Ni bendera ya Uswisi iliyogeuzwa rangi. Unamwambia mwenye bunduki: usipige hapa. Hilali nyekundu ina uzito uleule kisheria. Mikataba ya 1949, ambayo nchi yetu imo tangu 1962, inawapa nembo hiyo matabibu wa majeshi, hospitali za raia zilizopewa kibali na serikali, na vyama vya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu. Biashara na watu binafsi wamekatazwa, iwe vita au amani.

Kwa nini hata wakati wa amani? Kijana aliyeshika silaha kwenye kizuizi cha barabarani hana muda wa kusoma vifungu. Gari linakuja, anaamua kwa sekunde, na anaamua kwa yale aliyoyazoea tangu utotoni. Aliyekua akiona msalaba huo kwenye duka la panadol hauchukulii kuwa amri.

Tazama Goma, mashariki mwa Kongo. Waasi wa M23 walipouingia mji Januari 2025, majeruhi walifurika hospitali ya CBCA Ndosho, inayosaidiwa na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu (ICRC) kwa madaktari wa upasuaji, dawa na vifaa. Wengine walilazwa kwenye mahema. Umeme na maji ya mji vilikatika, na ghala la dawa la ICRC likaporwa.

Watu hudhani kazi ngumu pale ni kutoa risasi. Ngumu zaidi ni siku zinazofuata. Jeraha la risasi au kipande cha bomu kwa kawaida halishonwi siku hiyohiyo: daktari hukata nyama iliyokufa, huliosha, huliacha wazi chini ya bandeji, kisha hulifunga baada ya siku kadhaa likiwa safi. Aliyevunjika paja hukaa wiki nyingi. Kwa hiyo hospitali inahitaji kuachwa salama muda wote huo, na pengine waliorushiana risasi wamelala wodi moja. Mlangoni hubandikwa picha ya bunduki iliyopigwa mstari mwekundu: silaha ibaki nje. Ulinzi wenyewe ni heshima kwa nembo.

Heshima hiyo ikivunjika, raia ndio wanaolipa. Tarehe 4 Juni 1996, wafanyakazi watatu wa ICRC waliuawa karibu na Mugina, Cibitoke, Burundi, wakisafiri kwa magari yenye nembo. ICRC ilisitisha kazi nchini humo, na wanavijiji waliowategemea wakabaki peke yao. Sisemi ukuta wa Mbagala ulisababisha vifo hivyo. Nasema alama ile ile haiwezi kuwa tangazo la biashara huku na ngao ya mgonjwa kule, hasa kwetu tunaopakana na Kongo na Burundi, tuliopokea wakimbizi wao kwa miongo.

Marekebisho ni mepesi. Duka la dawa litumie msalaba wa kijani, kama nchi nyingi zinavyofanya, na sanduku la huduma ya kwanza liwe na msalaba mweupe juu ya kijani. Manispaa za Temeke na Kinondoni zinaweza kulisimamia hili maduka yanapokaguliwa, na wauzaji wa masanduku hayo Kariakoo waanze na mzigo wao unaofuata.