Shprintse, Beyle na Wino la Mwandika Talaka

Miongoni mwa Wayahudi wa Ulaya ya mashariki, waliozungumza Kiyidishi, yaani lugha iliyozaliwa kutokana na Kijerumani cha zama za kati ikachanganyika na Kiebrania, Kiaramu na lugha za Kislavi, majina ya wavulana na ya wasichana hayakupita njia moja. Mvulana alipotahiriwa siku ya nane alipewa jina takatifu, aghalabu la Kiebrania, ambalo ndilo angeitiwa sinagogini kila aliposimama mbele ya Torati. Msichana, ambaye kwa desturi ya wakati ule hakuitwa kusoma, alitangaziwa jina siku baba yake alipoitwa yeye, na hapakuwa na sharti kwamba jina hilo liwe limo katika Biblia. Kwa kuwa dini haikulikagua sana, jina la binti liliweza kutoka katika lugha yoyote ambayo jamii hiyo iliwahi kuizungumza, na likabaki hata baada ya lugha yenyewe kusahauliwa.

Mfano ulio wazi umo katika hadithi za Tevye muuza maziwa, alizoanza kuzitoa Sholem Aleichem mwaka 1894 na ambazo dunia ilizijua zaidi kupitia tamthilia ya muziki ya Fiddler on the Roof ya mwaka 1964. Binti za Tevye ni wa baba mmoja na mama mmoja, lakini majina yao ni ya nchi mbalimbali. Tsaytl huelezwa kuwa ni umbo la kubembeleza la Sara, na Hodl kuwa ni la Hadasa, jina la pili la malkia Esta. Khave ni Hawa yuleyule anayejulikana katika kila kijiji cha pwani ya Afrika Mashariki. Beylke ni Beyle, yaani mrembo, jina lililotoka katika lugha za jamii ya Kilatini likavalishwa mwishoni kiambishi cha Kislavi. Na kati yao yupo Shprintse.

Jina hili linastahili kukaliwa kitako. Masikio ya mgeni husikia ndani yake Ujerumani tupu, kwa mrundikano wa konsonanti mwanzoni, na mtu angeweza kuapa kwamba limetoka katika kitenzi fulani cha Kijerumani. Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba asili yake ni neno lenye maana ya matumaini, ambalo kwa Kihispania ni Esperanza na kwa Kiitalia ni Speranza, hivyo kwamba familia ya Mswahili ingemwita binti huyo Tumaini bila kusita. Irabu zilimezwa, sauti ya s ya mwanzo ikageuka sh kama ilivyo kawaida ya Kiyidishi mbele ya p, na mwisho wa safari likabaki jina ambalo mama wa Ukraine angeweza kumpa mtoto wake pasipo kujua kwamba ametamka neno la watu wa bahari ya Mediterania. Sholem Aleichem alimpa jina hilo binti wa Tevye anayejitupa majini baada ya kuachwa na mchumba tajiri. Kama mwandishi aliijua maana yake alipolichagua, basi ukatili wake ni wa kupimwa upya. Kama hakuijua, lugha ilimfanyia kazi hiyo yenyewe.

Mtu aliyejitwisha kuzifuatilia safari za namna hii kwa utaratibu wa kisayansi ni Alexander Beider, mtaalamu aliyezaliwa Moscow na kufanya kazi Paris, ambaye kamusi yake kubwa ya majina ya Waashkenazi, yaani Wayahudi wenye asili ya nchi za Ujerumani na mashariki yake, ilitoka mwaka 2001. Beider hana huruma na maelezo matamu ya mitaani. Kwake yeye maana ya jina haipatikani kwa kusikiliza linafanana na neno gani leo, bali kwa kutafuta mahali lilipoandikwa kwa mara ya kwanza, katika mawe ya makaburi, orodha za kodi au vitabu vya kuwakumbuka waliouawa, kisha kuuliza kama mabadiliko ya sauti ya eneo lile na karne ile yanaruhusu safari inayodaiwa. Kwa kipimo hicho, mengi ya majina ya kike yenye sura ya Kilatini hayahitaji kuelezwa kwa kufukuzwa kwa Wayahudi kutoka Hispania mwaka 1492, kwa maana jamii zilizotoka Ufaransa na Italia zilikuwa zimekwisha kuyafikisha kingo za mto Rhine muda mrefu kabla. Yente ni mojawapo, likitokana na neno la Kifaransa cha kale na Kiitalia lenye maana ya muungwana. Toltse ni jingine, kutoka katika dolce, yaani tamu. Juu ya tabaka hilo likaja la Kijerumani, lenye Golde wa dhahabu na Feygl wa ndege, na la Kislavi, lenye Zlate ambaye pia ni dhahabu, Dobre aliye mwema na Cherne aliye mweusi.

Jambo la ajabu ni mahali ambapo elimu hii ilihifadhiwa. Mtafiti hupata mavuno mengi katika sheria za talaka. Hati ya talaka ya Kiyahudi, iitwayo get, huandikwa kwa mkono katika mistari 12, nayo hutaja majina ya mume na mke, majina yao ya utani, mji na hata mito iliyo karibu. Kosa katika jina laweza kuibatilisha hati, na mwanamke aliyeachwa kwa hati batili huhesabiwa kuwa bado ni mke wa mtu, hata watoto atakaowazaa kwa mume mwingine wakaingia katika hatari ya kuitwa wa haramu. Jina la Sara halikuwa na tatizo, kwa kuwa Biblia yenyewe iliandika herufi zake. Lakini Beyle je? Linamalizika kwa herufi alef au kwa herufi he? Wengi walishika kanuni kwamba jina la kigeni humalizika kwa alef, ila kila jina lilizua hoja zake. Ndipo Rabi Samuel ben Uri Shraga Phoebus, katika ufafanuzi wake wa sheria za ndoa uitwao Beit Shmuel, uliochapwa mwaka 1689 huko Dyhernfurth katika Silesia, akaweka orodha za majina ya wanaume na ya wanawake pamoja na namna ya kuyaandika. Jina ambalo hakuna aliyelikagua siku mtoto alipozaliwa lilikaguliwa herufi kwa herufi siku ndoa ilipovunjika. Wanazuoni wanaume ndio waliolitunza, na sababu ya mama kulichagua haikuwa na safu katika orodha zao.

Miaka 249 baadaye ilitoka orodha ya aina nyingine. Mwezi Agosti 1938 serikali ya Kinazi iliamuru kwamba Myahudi mwanamke asiye na jina lililotambuliwa kuwa la Kiyahudi aongezewe jina la Sara kuanzia Januari 1939, na mwanamume aongezewe Israel. Katika majina ya kike yaliyotambuliwa walikuwemo Beile, Jente na Sprinze, pamoja na Jezebel, malkia anayelaaniwa na Biblia yenyewe. Ruth hakuwemo, kwani Wajerumani walilipenda jina hilo kwa binti zao wenyewe. Ukaguzi wa marabi, pamoja na ugumu wake wote, ulikuwa na shabaha ya kumfanya mwanamke awe huru kuolewa tena. Huu wa pili ulitaka atambulike asipate pa kujificha.

Waliofika salama Palestina, na baadaye Israeli, walikuta wimbi la kuyaacha majina ya ughaibuni na kuchukua ya Kiebrania, wimbi lililomwona Feygl kuwa ni wa kugeuzwa Tsipora, ndege kwa ndege. Huko New York, Yente alikwisha kuharibiwa na mzaha, kwa sababu gazeti la Forverts lilichapisha vichekesho vya mwanamke mmbea aliyeitwa Yente Telebende, hata muungwana akageuka kuwa neno la kumtajia mpiga soga. Mwaka 1956, alipoteuliwa kuwa waziri wa mambo ya nje wa Israeli, Golda Meyerson alikubali shinikizo la David Ben-Gurion la kuchukua jina la ukoo la Kiebrania, akawa Meir. Kwa Kiebrania dhahabu ni zahav, na jina la Zehava lilikuwepo tayari, jepesi na la heshima. Golda hakulichukua.