Je, Wajua? Nota za Herufi Zilianzia Norwich

Zile d, r, m, f, s, l, t zinazojaa karatasi za kwaya nyingi za Afrika Mashariki zina asili yake kwa mwalimu Mwingereza, Sarah Glover wa Norwich, aliyechapisha mfumo wake mwaka 1835. Ni yeye aliyeigeuza “si” kuwa “ti”, ili herufi s ibaki ya “so” peke yake. Mchungaji John Curwen akauboresha na kuueneza.

Uzuri wote umo kwenye alama ndogo, na hizo ndizo waimbaji wengi huzipuuza. Nukta pacha hutenganisha pigo na pigo. Nukta moja hulikata pigo nusu kwa nusu. Mkato hutoa robo. Kistari ni amri ya kuendelea kushikilia sauti, nafasi tupu ni kunyamaza. Soprano anayevuta pumzi kwenye kistari amekwisha kuvunja wimbo! Kialama pembeni juu ya herufi huipandisha oktavu moja, kikiwa chini huishusha.

Juu ya ukurasa, “Doh ni G” humwonyesha mpiga kinanda pa kuanzia. Besi wakishindwa kufika chini, mwalimu atasema Doh ni A, na hakuna herufi hata moja itakayobadilika.