Tawi Geni Katika Waridi

Sisi wa Olkaria tumezoea kuona mvuke ukifuka kutoka ardhini usiku na mchana, na kule bondeni kando ya Ziwa Naivasha, paa za plastiki za grinihausi za maua. Mama yangu ni mchumaji waridi katika shamba mojawapo. Jioni moja alirudi na kisa. Kwenye mti wa waridi jekundu alikuta tawi moja limetoa ua lenye michirizi ya manjano. Supavaiza akamwamuru alikate alitupe, maana mnunuzi anataka rangi moja tu. Mama akaniuliza, "Wewe msomi, hebu nieleze. Tawi lile lilirogwa?"

Sikuwa na jibu. Nilimsumbua mwalimu wetu wa Biolojia majuma mawili ndipo nikalipata.

Halikurogwa. Kila seli ya mmea hubeba maagizo ya urithi, na seli inapogawanyika maagizo hayo hunakiliwa upya. Mara chache sana nakala hukosewa. Kosa likitokea katika jicho la mmea, tawi linalochipuka hapo huwa na sura yake.

Wataalamu hawana subira ya kungoja bahati kama hiyo. Mwaka 1927 Mmarekani Hermann Muller alionyesha, kwa kutumia nzi wa matunda, kwamba eksirei huzidisha makosa hayo. Siku hizi aghalabu hutumiwa mionzi ya gama itokayo kwenye kobalti-60. Vipandikizi vya maua, hasa krisanthemamu, humulikwa kwa kipimo maalum, kisha hutolewa na kupandwa. Vingi hufa au hudumaa. Vichache hutoa rangi mpya.

Hapa ndipo uvumi unapoanzia, eti maua ya namna hiyo "yana bomu ndani". La hasha! Mionzi ya gama hupita kama mwanga. Ukizima taa, je, ukuta hubaki ukiwaka?

Shida iko kwingine. Jicho moja lina seli nyingi, na mionzi huipata hii ikaiacha ile. Basi ua hutoka na viraka, na rangi mpya yaweza kumezwa na ile ya zamani. Dawa yake ni ukuzaji wa tishu. Mtaalamu hukata kipande cha petali penye rangi mpya, hukiosha kwa dawa ya kuua vijidudu, na kukiweka chupani juu ya agari yenye sukari, chumvi na homoni. Mchanganyiko wa chumvi unaotumiwa sana ulitungwa na Murashige na Skoog mwaka 1962. Homoni ya oksini huvuta mizizi, ile ya saitokinini huvuta machipukizi. Mche ukichipuka kutoka kwa seli moja iliyobadilika, huwa na rangi moja mwili mzima, na kutokana nao maelfu huzalishwa.

Usidhani haya ni mambo ya Uholanzi pekee. Hapa hapa Nakuru, kituo cha utafiti cha Njoro kilitumia mionzi ya gama kupata ngano inayostahimili ukame, Njoro BW1, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 2001. Mbona maua yetu tununue mbegu na miche ya wenyewe?

Mama alisikiliza yote hayo, kisha akauliza la kwake: "Na mimi niliyeliona?" Nilimweleza kwamba Kenya ilijiunga na mkataba wa UPOV wa kulinda aina mpya za mimea mwaka 1999, na mwaka 2016 ikaingia katika ule wa 1991. Chini ya huo, ua lililotokana hasa na ua lenye mwenyewe haliuzwi bila idhini yake. Mwenye waridi lile hakai Naivasha.

"Lakini macho yalikuwa yangu," akasema.

Kesho yake alipita kwenye lundo la mboji. Tawi lilikuwa limeshaoza.